Kitambaa cha Kioo

Asubuhi ile Honorine alikuta maji chini ya picha, na harufu ya majivu ya kufulia.

Picha ilimwonyesha bibi Perrine, dobi wa kijiji, amelala kitandani siku aliyokufa. Alikuwa mtu wa huruma. Honorine alipojifungua, bibi alimfulia nepi mwezi mzima, asitake hata ahsante.

Mume wa Honorine, Anselme, aliapa tangu ujana kuchora alichokiona kwa macho yake tu. Kwa kiapo hicho waamuzi wa maonyesho ya Paris walikuwa wamemkatalia picha zake miaka saba. Hii ya bibi ndiyo aliyoitegemea ipokelewe.

"Baba Lucile," alisema Honorine, "ndani ya kioo ulichochora ukutani mna uso. Jana haukuwemo."

"Sikuuchora mimi," alinong'ona Anselme.

Kesho yake uso ulikuwa karibu zaidi. Siku ya tatu mtoto wao, Lucile, akaanza kukohoa maji, na Honorine alipomkimbilia akakuta nepi zote zimefuliwa, zimekunjwa vizuri, zingali mbichi, zimepangwa juu ya mtoto moja baada ya moja mpaka puani, na kila alipozitupa sakafuni, akigeuka tu, zimerudi.

Akamwita mama Tiennette, mkunga na mganga.

"Kioo cha chumba cha maiti hufunikwa," alisema mganga. "Nani alikifunua?"

Anselme aliinamisha kichwa. "Nilitaka mwanga."

"Mwanga! Mjinga wee! Roho ilikuwa inatafuta mlango, ikaingia kiooni, nawe ukaichora humo humo. Haya, chora kitambaa, ukifunike."

"Lakini hakikuwepo. Sijawahi kuchora uongo."

"Mwanao anakata roho," alisema Honorine, "nawe unalinda kiapo?"

Anselme akashika brashi. Alichora kitambaa cheupe huku machozi yakimtiririka, na Honorine akafungua dirisha ili roho ipate kutoka.

"Nenda salama, bibi," alisema kwa upole. "Na ahsante kwa nepi."

Lucile akavuta pumzi, akalia.

Safari hii Paris waliipokea picha. Barua ilikuja baada ya mwezi, Anselme akaisoma kwa sauti, akicheka kwa furaha:

"'Waamuzi wamekisifu mno kitambaa cha kioo. Ukikitazama sana, kinainuka na kushuka, kama kuna mtu anapumua nyuma yake.'"

Kisha akaikunja barua haraka. Honorine akamnyang'anya barua, akasoma mstari wa mwisho.

"'Ila mfagizi wetu analalamika. Kila asubuhi anakuta maji chini ya picha.'"