Kiatu cha Ndani ya Dohani

Jumamosi ile ilianza kwa amani. Rosalind Pettifer alikunywa chai yake jikoni, akamvalisha binti yake Edie, mwenye miaka sita, magambuti yake mekundu akacheze nje, kisha akashika simu kuwauliza watu. Rosalind hakuwa mwanamke wa kufanya jambo bila kuuliza.

Walikuwa wamehamia Aldersby, kijiji cha mashariki mwa Uingereza, yeye na mtoto wake tu. Wanakijiji walikuwa na ukurasa wao wa mtandaoni wa kushauriana mambo ya nyumba na bustani. Rangi ya mlango aliuliza. Konokono waliokula letusi aliwaulizia. Nao walimjibu bila choyo, maana kule ushauri ndicho kitu pekee ambacho jirani hukupa hata kama hujaomba. Mkubwa wa ukurasa alikuwa Dilys Catchpole, mwenye bustani ya kupigiwa mfano na ulimi mkali kuliko mkasi wake wa maua.

Siku hiyo Rosalind aliuliza: “Meko ya sebuleni imezibwa kwa matofali. Nibomoe niweke jiko la kuni?”

Majibu yalimiminika. Bomoa! Bomoa leo! Dilys akamalizia, “Mpenzi, hilo hata si la kuuliza.”

Aliyepinga alikuwa mmoja, na hakuwa mtandaoni. Mzee Thurlow wa nyumba ya pili alichungulia juu ya wigo wa miti. Hawakuwa wamesalimiana tangu Rosalind alipoukata wigo huo upande wake bila kumwambia, kosa ambalo kule watu huzikwa nalo. Habari za ukurasani alizipata kwa muuza maziwa.

“Wewe mama. Huo ukuta uache.”

“Kwa nini?”

“Aliyeuziba hakuwa mjinga.”

“Mzee Thurlow, wigo ni wako, sawa. Ukuta ni wangu.”

“Na mtoto pia ni wako,” alisema mzee, akaenda zake.

Rosalind aliona ametishwa, na hasira zikampanda. Kesho yake asubuhi alishika nyundo. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini yeye msemo huo hakuujua, na guu lenyewe halikuwa lake.

Ukuta ulianguka kwa urahisi mno. Alipoingiza mkono ndani ya dohani, juu kidogo, aligusa rafu ya jiwe. Juu yake palikuwa na kiatu cha mtoto. Ngozi nyeusi, mguu wa kushoto, kimetoboka kwenye kidole gumba. Meko ile ilikuwa haijaona moto miaka sitini. Kiatu kilikuwa na joto.

Alikipiga picha, akauliza. Mmoja akasema apeleke makumbusho, mwingine akasema atupe, watatu wakabishana kuhusu aina ya ngozi. Mwishowe Dilys akaamua: “Jaza udongo, panda ua, weka mlangoni. Kitapendeza!” Watu wa kule hupanda maua katika kila kinachoshika udongo: birika bovu, ndoo iliyotoboka, hata sinki la zamani. Kiatu kikuukuu ndicho cha kwanza. Basi Rosalind akapanda ua la zambarau, na Edie akaushindilia udongo kwa vidole vyake vidogo. Picha ilipata mioyo mia moja na ishirini.

Kesho yake ua lilikuwa limelazwa juu ya mkeka wa mlangoni. Mizizi ilikuwa safi, kama iliyooshwa. Kiatu kilikuwa kitupu, na ncha yake imegeuzwa kuelekea ndani ya nyumba.

Nani mwingine kama si Thurlow? Rosalind alimwandika ukurasani kwa jina, akimwita mchawi na mwizi wa amani. Kijiji kikamgeuka siku hiyohiyo. “Mzee ana miaka themanini na nne na magoti mabovu! Huna haya?” Aliwajibu kwa maneno ambayo hayaandikiki hapa. Jioni Dilys akamfungia. Kusoma aliweza, kuandika hakuweza tena.

Kisha viatu vikaanza kupotea. Ndara ya Edie, ya kushoto. Kiatu chake cha shule, cha kushoto. Cha michezo, cha kushoto. Vya kulia vilibaki vimepangwa vizuri chini ya ngazi.

Alhamisi Edie aliamka anachechemea. Daktari akaugeuza mguu, akaukunja, akasema ni mzima. Lakini ulikuwa wa baridi. Rosalind aliusugua, akaufunga sufu, akauweka kifuani mwake. Baridi ile haikutoka. Ilikuwa inapanda kuelekea goti.

“Mama,” Edie alinong’ona, “anajaribu.”

“Nani anajaribu?”

“Wa ukutani. Anasema viatu vyote havimtoshi.”

“Edie, nyamaza.”

“Kesho atajaribu mguu wenyewe.”

Rosalind alimbeba mtoto hadi kwa Thurlow. Mzee alifungua mlango upana wa kiganja tu.

“Mchawi yupo,” alisema. “Unasemaje?”

“Nisamehe. Mtazame mwanangu. Mtazame mguu.”

Mzee alitazama. Aliposema tena, sauti ilikuwa imeshuka. “Wajenzi wa zamani walificha kiatu cha mtoto ndani ya dohani. Kiatu kilichovaliwa, chenye jasho lake. Kitu kinachoshuka na moshi kinakikuta, kinadhani kimempata mtoto, kinatulia. Kitu hicho kimekaa mle kikimlinda mtoto wake miaka mia mbili. Na wewe kiatu ukakijaza udongo, ukapanda ua juu. Sasa niambie. Huku kwetu nani hufukiwa kwa udongo akapandiwa ua?”

Rosalind aliukumbatia ule mguu.

“Umekiambia mtoto wake amekufa, bibie. Kinatafuta mwingine.”

“Nifanye nini?”

“Leo ndiyo unaniuliza mimi.” Chuki na huruma vilishindana usoni mwake. “Kiatu cha binti yako. Kikiwa kimetoka mguuni sasa hivi. Kiweke palepale, uzibe. Na kisiguswe tena.”

Cha kushoto kilichobaki kilikuwa gambuti jekundu, nalo lilikuwa mguuni. Rosalind alimkalisha Edie mbele ya meko, akalivua, akaingiza mkono dohani. Masizi yalikuwa yanadondoka. Alinyoosha vidole kutafuta ile rafu ya jiwe.

Hakuifikia.

Kitu kililipokea.

Taratibu. Kwa adabu, kama mtu anayepokea mtoto aliyelala.

Alipanga matofali huku analia, akapaka saruji kwa mikono mitupu. Kesho yake adhuhuri Edie alikuwa anakimbia bustanini.

Mzee Thurlow alifariki majira ya baridi. Ilipofika machipuko Rosalind aliuza nyumba. Walionunua walikuwa mume na mke vijana, wacheshi, na mke, Harriet, alipokea funguo akicheka. “Una ushauri wowote kuhusu nyumba?”

Rosalind aliutazama ukuta wa sebuleni. Angesema, wangemwona kichaa, au wangeondoka, na yeye alitaka sana kwenda mbali. Mwanamke aliyeishi kwa kuuliza watu aliulizwa mara moja tu.

“Bustani isimwagiwe maji mengi,” alisema.

Ikapita miezi saba. Rosalind na Edie walikuwa mji mwingine, ghorofa ya tatu, nyumba isiyo na meko wala dohani. Asubuhi moja ya Jumapili, kwa mazoea tu, Rosalind alifungua ukurasa wa Aldersby.

Harriet alikuwa ameweka picha juzi. “Tumebomoa ukuta wa sebuleni. Ona tulichokikuta! Mnashauri nini?” Ndani ya picha, gambuti moja dogo jekundu.

Majibu tisini. Juu kabisa, Dilys.

Rosalind aliandika: usiguse, rudisha, usitie udongo. Alibonyeza. Simu ikamjibu kwamba haruhusiwi. Alibonyeza tena. Haruhusiwi. Akashuka chini hadi picha ya pili, iliyowekwa asubuhi hiyo. Gambuti lilikuwa mlangoni, limejaa udongo mweusi, na ua la zambarau limesimama katikati.

“Mama,” Edie aliita kutoka chumbani. “Mguu wangu una baridi.”

Rosalind alikimbia, akafunua blanketi, akavuta soksi ya kushoto.

Katikati ya vidole vya mtoto palikuwa na udongo. Mweusi, wa bustani, ungali mbichi.