Herufi za Katikati

"Mgonjwa anaingia wodini saa sita," sauti ya Mkuu wa ujasusi ilisema kwa mafumbo. "Daktari awahi."

Simu ikakatika.

Sindano alitazama saa ya ukutani. Saa tano na nusu.

Ruta arobaini, vifaa vya kusambaza mtandao, zilizokarabatiwa katika karakana hii zingesimikwa hospitalini saa sita mchana. Ndani yake mtu alikuwa amepandikiza mlango wa siri. Ukifunguka, mashine za kupumulia za watoto wachanga zingeamriwa kutoka ng'ambo ya mpaka.

Mtu gani? Hilo ndilo lililomleta.

Kwa wiki tatu alijifanya kibarua. Alifungua maganda ya ruta chakavu, akabadilisha kapasita zilizovimba, akafuta programu ya kiwandani na kupakia programu huria. Programu hiyo ni kitabu kilicho wazi: yeyote aweza kuikagua. Watungaji wake huitangazia alama ya herufi sitini na nne. Faili likiguswa hata chembe, alama hubadilika.

Ndiyo maana Mjomba, mwenye karakana, hakuruhusu boksi litoke kabla alama haijasomwa. Yeye alishika karatasi ya watungaji. Mpwa wake alisoma alama ya faili kwenye skrini.

Mpwa alisoma herufi sita za mwanzo. Akaruka. Akasoma sita za mwisho.

"Sawa," Mjomba akasema.

"Na za katikati, Mjomba?" Sindano aliuliza.

Mpwa akaangua kicheko. "Dada wa vumbi kawa profesa! Ukiona kichwa na mkia, ng'ombe ni yule yule."

"Sumu hukaa tumboni, kaka."

Kicheko kikakatika.

Mjomba alivuta kompyuta kwake. Alisoma polepole, kidole juu ya karatasi. Kwenye herufi ya saba kidole kikasimama.

"Mwanangu," alinong'ona. "Hii si ile."

Mkono wa mpwa ulizama mfukoni.

Sindano alikuwa mwepesi zaidi. Chuma cha kulehemu, chekundu nchani, kilitua juu ya kifundo cha mkono ule. Ukelele. Bastola ya Glock ikaanguka sakafuni. Akaisukuma kwa kisigino chini ya meza, kisha akamfunga kijana kwa waya wa mtandao.

"Gari?" aliwauliza wenzake wa langoni kwenye redio.

"Lipo langoni. Limezuiwa."

"Maboksi yote yaliyokwisha kupakiwa yarudi juu."

Saa sita kasoro dakika nane.

Mjomba hakumtazama mpwa wake. Kikulacho ki nguoni mwako. Naye alikuwa amekishona mwenyewe.

"Binti," alisema. "Mwezi uliopita tulipeleka ruta sitini kwenye mitambo ya maji. Siku ile mpwa alishika karatasi. Mimi nilisoma skrini; aliyesema 'sawa' ni yeye."

"Ulisoma zote?"

"Kichwa na mkia."

Kwenye kona ya chumba, mpwa alitabasamu.

Sindano alipangusa bisibisi yake, akaitia mfukoni, akachukua karatasi ya alama mezani.

Akashuka ngazi bila haraka, akielekea kwenye mitambo ya maji.