Shimo la Mgongoni

Asubuhi ile mama yake aliponyamaza, binti alimshukuru Mungu. Usimlaumu upesi, wewe hukuwahi kukaa nyumba moja na yule bibi. Majirani walimbatiza Redio, na redio yenyewe ya zile zilizong'oka kitufe cha kuzimia. Aliongea akila, aliongea akifua, na ukimwacha na ukuta aliuliza ukuta habari za watoto wake. Sasa alikuwa amekaa kwenye kiti cha jikoni, mgongo umenyooka, mikono juu ya magoti, macho mbele.

"Mama, chai hii."

Kimya.

"Mama, unaumwa?"

Bibi akageuza kichwa. Kichwa tu, mabega hayakutikisika. Jiko la nyumba ile lilikuwa la gesi, halijaona kuni tangu linunuliwe, lakini jikoni pote palinuka moshi na mafuta yaliyochacha.

Binti akafungua dirisha, akabeba mkoba wake, akaenda kazini. Alikuwa na maonyesho ya kufungua baada ya wiki chache, na mgeni rasmi angekuwa waziri. Huyo ndiye mtoto ambaye bibi alimsomesha kwa kufulia watu nguo.

Kazi yake ilikuwa kuhifadhi sanaa za Kiafrika katika makumbusho. Vinyago, viti vya machifu, ngoma za matambiko, vyote alivipanga nyuma ya vioo, akaviwashia taa, akaviandikia vibandiko. Pepo za watu alizijua moja moja, asili yake na tabia zake. Kuziamini ndiko hakukuwamo kwenye mshahara. Mwaka huo kipenzi chake kilikuwa sanamu ya mti mweusi, mtu aliyekaa, mikono juu ya magoti, na mgongoni shimo la kupitisha dole gumba, kingo zake laini kama kizingiti cha nyumba yenye watu wengi. Kibandiko aliandika mwenyewe: "Makao ya roho. Roho huingia na kutoka kwa tundu la mgongoni." Akaandika hivyo, akakigonga muhuri, kisha akamwambia fundi wa kukarabati alizibe lile tundu. Kwenye picha za matangazo lilionekana kama ubovu.

"Umeandika ni mlango, halafu unaziba," fundi akacheka huku akikoroga gundi na unga wa mbao. "Mwenye nyumba akirudi?"

"Atapanga kwingine. Ziba, bwana."

Wakacheka wote wawili. Ilikuwa jana yake hiyo, na bibi alikuwa amewafikia hapohapo kuleta ufunguo wa nyumba ambao binti alikuwa ameusahau. Kumpa ufunguo na kuondoka asingeweza, angekufa. Akainama mgongoni mwa sanamu, akaweka mdomo shimoni.

"Hodi humu! Wenyewe mpo?"

"Mama! Usipumulie mbao, unaitia unyevu!"

"Hebu ninyi, wameniitikia. Wamesema karibu." Bibi akacheka, akaweka jicho mahali palipokuwa mdomo. "Lo, kumbe ni kukubwa hivi..."

Akaishia hapo. Fundi akamwomba apishe, naye akapisha bila neno. Fundi akashindilia gundi, akasawazisha kwa kisu, akapaka rangi. Hakuna aliyejiuliza Redio imezimikaje katikati ya taarifa.

Sasa asubuhi hii ya chai iliyokataliwa, mlinzi wa stoo alimsubiri binti mlangoni.

"Dada, sanamu yako inagonga."

"Inagonga vipi?"

"Kama mtu aliyefungiwa nje. Au ndani, sijui."

Akaweka sikio kwenye mti. Ko, ko, ko. Kisha mkwaruzo mrefu, kama wa kucha. Ko, ko.

"Dumuzi hao, wanakula mbao kwa ndani," akasema. "Ifungeni nailoni mtie kwenye friza."

Ndivyo wafanyavyo huko: kitu chenye wadudu hakipigwi dawa, kinagandishwa mpaka wafe wenyewe.

"Dumuzi wanaopumzika halafu wanagonga tena?" mlinzi akanong'ona.

"Kaka, friza."

Wakaitia. Mlinzi akasema kugonga kulizidi, kukawa kwa mikono miwili, halafu siku zilivyopita kukapungua, kukawa kama mtu anayegonga akikumbuka tu. Binti akafurahi. Baridi imefanya kazi.

Jioni moja, siku kadhaa baadaye, nyumbani alimkuta mama mdogo, mdogo wake bibi, amejibanza ukumbini na khanga mdomoni.

"Huyu si dada yangu," akanong'ona. "Nimekaa naye tangu asubuhi, hajapepesa jicho."

"Ni uzee, mama mdogo."

"Uzee unanuka moshi? Nimempa maji, kikombe hakukigusa. Aliinamisha kichwa anisubiri nimmwagie utosini! Na ngozi yake, mshike uone, inapasuka kama ubao uliosahaulika juani. Mimi nimemwita mganga, ukasirike usikasirike."

Mganga alikuwa mwanamke mfupi wa maneno machache. Hakupiga ngoma. Alivuta kigoda, akakaa uso kwa uso na bibi, akauliza kwa adabu kama anayezungumza na mgeni wa mtu.

"Wewe ni nani?"

Midomo ya bibi ikafunguka, na sauti ikatoka bila midomo kusogea tena. "Mimi nina nyumba yangu."

"Mbona hukai kwako?"

"Aliniomba hodi. Nikamkaribisha, nikatoka kumpisha, akaingia, nyumba haituchukui wawili. Wakaziba mlango. Nikakuta mwili wake uko wazi."

"Ukifunguliwa utatoka?"

"Nitatoka. Humu kuna joto, nanyi hamwishi kuongea."

Mganga akamgeukia binti, lakini binti hakuwa tena pale, alikuwa ameshatoka mbio na kiatu kimoja, anazisikia ko, ko, ko zote alizoziita dumuzi, anakumbuka siku alizopita karibu na lile friza akiinamisha sikio na kutabasamu kwamba zinapungua, akamsukuma mlinzi wa stoo, akainua mfuniko, akaipasua nailoni kwa meno, akaikumbatia sanamu iliyomchoma vidole kwa baridi, akachukua patasi ya fundi na kuchimba mgongoni, akichimba na kusema mama nakuja, mama vumilia, mama niseme mimi basi, nitukane, mpaka gundi ikang'oka kipande kizima na shimo likawa wazi.

"Mama!"

Akaweka sikio. Baridi ikamtokea shimoni polepole. Hapakuwa na kugonga.

Simu ikalia. Mama mdogo, anaongea kwa chini kama mtu aliyejificha.

"Umefungua?"

"Nimefungua! Ametoka?"

"Ametoka, dada akaanguka chini. Mara yule mgeni akarudi haraka, dada akaamka, akakaa. Hataki tena kutoka."

"Kwa nini hataki? Si mlango uko wazi? Mwambie mlango uko wazi!"

Mama mdogo akazidi kushusha sauti. Nyuma yake kiti kikalia.

"Anasema amechungulia kwake. Anasema hawezi kulala nyumba moja na maiti."