Mioyo Kumi na Tisa ya Mtaa wa Pareto

Kwenye ukuta wa maabara kulikuwa na mioyo elfu sita, na yote ilikuwa ikipiga. Kila moyo ulikuwa nukta moja ya taa, ndogo kama punje ya ulezi, inayowaka na kufifia kwa kadiri damu ya mwenyewe ilivyosukumwa huko aliko, Mbeya mjini, awe anamenya viazi au anapanga foleni. Waliuita Ukuta wa Mapigo. Wageni walioingia mara ya kwanza walinyamaza wenyewe bila kuambiwa. Hata makamu mkuu wa Chuo Kikuu cha Loleza, mtu ambaye hakunyamaza hata mazikoni, alisimama mbele ya ukuta ule dakika nzima bila kusema neno.

Mapigo yaliletwa na kikuku-siha, kikuku chepesi cha kijivu chenye kitaa kidogo, ambacho kila mshiriki wa utafiti alivaa mkononi. Kikuku kilisoma mapigo, joto la mwili, usingizi na chumvi ya jasho, kisha kikapeleka habari zote kwa Mlezi, akili ya mashine iliyokaa kwenye ghorofa ya chini ya jengo. Mlezi ndiye aliyeamua. Kijani maana yake mtu ni mzima. Njano, ndugu zake wajulishwe. Nyekundu, muuguzi-mashine afike mlangoni ndani ya dakika tisa, na kazini kwake waambiwe apumzike siku thelathini, apende asipende. Wauguzi-mashine walikuwa arobaini tu kwa mji mzima, kwa hiyo mwenye kijani hakutembelewa na mtu wala mashine.

Kikuku hakikujua mtu yuko wapi, wala hakikuuliza mkono ni wa nani. Wakazi walikuwa wamelikataa jambo hilo waziwazi kwenye mikutano ya mitaa. Walisema wamekubali kupimwa, hawakukubali kupekuliwa. Watafiti wakaona ni haki yao, na kweli ilikuwa haki yao.

Asubuhi ile ya Jumanne, siku tatu kabla ya wajumbe wa miji kumi kuwasili kujifunza kuhusu mradi, Daktari Subilaga Mwalyego aliingia maabara, akavua koti la baridi, akasogea hadi pembe ya kulia ya ukuta na kuinamisha kichwa kidogo.

"Shikamoo, mama," aliiambia nukta moja ya taa.

Wenzake walikuwa wamezoea kumtania kwa hilo. Mama yake mzazi aliishi Mtaa wa Pareto, chini bondeni, mahali palipokuwa mashamba ya pareto kabla mji haujayameza. Kutoka chuoni hadi kule ni dakika ishirini kwa gari-waya, kibanda kinachoning'inia kwenye waya. Subilaga hakuwa ameteremka kwa miezi saba. Alipiga simu kila Jumapili, na siku nyingine zote aliutazama moyo wa mama yake ukipiga, akaridhika. Ni mtoto gani mwingine duniani, alikuwa akijiuliza, anayemjua mama yake kwa karibu namna hii?

"Ijumaa tuanze na Pareto," alisema Profesa Tweve, mkuu wa Kitengo cha Afya na Ustawi, akisogeza kiti. Alikuwa mtu mfupi, mchangamfu, mwenye sauti iliyozoea kumbi kubwa.

"Tuanze na mtaa wa kawaida kwanza, Profesa. Wageni waelewe ukuta unavyofanya kazi."

"Mgeni humpi kiporo kwanza, halafu ukamletea wali wa moto akiwa ameshiba. Pareto kwanza!"

Pareto ndiyo iliyowapatia jina. Mitaa mingine yote, nukta ziliwaka ovyo, kila moja na haraka zake. Nukta kumi na tisa za Pareto ziliwaka pamoja na kuzimika pamoja, usiku na mchana, karibu miaka miwili sasa. Walilala pamoja, wakaamka pamoja. Profesa Tweve aliiita hali hiyo Mwafaka wa Mioyo. Aliandika kwamba hapa kwetu, mahali ambapo jirani bado anaingia kwa jirani bila miadi, mioyo ya watu walioishi kwa kujaliana hufika mahali ikapiga kwa mdundo mmoja, na kwamba huko ndiko kupona kwenyewe. Mhakiki mmoja wa nchi za mbali aliandika kuuliza kama vifaa havikuharibika. Profesa alimjibu kwa kurasa nne kwamba yeye hajui watu wetu wanavyoishi.

Wala haikuwa hila. Walikagua vifaa, vyote vilikuwa vizima. Tena walikuta kwamba nukta hazikuwaka kwa wakati mmoja kabisa: moja ilitangulia kwa unywele, nyingine zikafuata moja baada ya moja. Iliyotangulia siku zote ilikuwa ya mama yake Subilaga.

"Mama yako ndiye anayewaongoza," Profesa alikuwa akipenda kusema, na Subilaga alitabasamu kila aliposikia.

Leo hakutabasamu. "Wamefika mapigo arobaini na moja kwa dakika, Profesa. Wiki tano zilizopita walikuwa sitini na nne. Na joto la mwili limeshuka."

"Wote kumi na tisa?"

"Wote."

"Basi ni utulivu unaozidi kukomaa. Mmoja akishuka ni ugonjwa. Kumi na tisa wakishuka sawasawa ni ustawi. Si kanuni yako hiyo?"

Ilikuwa kanuni yake kweli. Julai ya mwaka wa kwanza baridi ilibana, mapigo ya mitaa mizima yakabadilika kwa siku moja, na Mlezi akawatuma wauguzi-mashine wote arobaini kugonga milango ya watu waliokuwa wanaota moto tu. Wakati huo mtu aliyewahitaji kweli aliwasubiri kwa saa tatu. Subilaga ndipo akamfundisha Mlezi Kanuni ya Wengi: mtu mmoja akibadilika, piga king'ora; mtaa mzima ukibadilika pamoja, hayo ni mazingira, weka kiwango kipya. Tangu siku hiyo hakuna muuguzi-mashine aliyepoteza safari.

"Mama yangu hajawahi kuwa mtulivu hivyo," alisema. "Ni mtu wa kugombana hata na kuku."

"Basi mradi wako umemtuliza!"

Wakacheka, wote wawili. Subilaga alikuja kukikumbuka kicheko kile kwa miaka mingi, na hakujisamehe.

Saa tatu na dakika kumi na mbili, nukta kumi na tisa za Pareto zilizimika na hazikuwaka tena.

Subilaga alikuwa akizitazama. Alihesabu moja, mbili, tatu, akisubiri mdundo unaofuata. Sauti ya Mlezi ikasikika, ya upole kama kawaida yake.

"Mtaa wa Pareto. Washiriki kumi na tisa. Mapigo hayapo."

"Tuma wauguzi!" Subilaga alipiga kelele. "Tuma wote!"

"Badiliko ni la pamoja," alisema Mlezi. "Kiwango kipya cha mtaa ni sifuri. Washiriki wote wako katika kiwango. Hali ni kijani."

Na nukta kumi na tisa zikawaka tena ukutani, kijani kibichi, zimetulia tuli, bila kupiga. Hakuna king'ora kilicholia. Mashine ilikuwa imetii neno kwa neno kile ilichofundishwa, na aliyeifundisha alikuwa amesimama pale, mkono mdomoni.

Profesa Tweve alianza kusema jambo kuhusu hewa ya sumu, kuhusu kuwapigia zimamoto. Subilaga hakumngoja. Alishuka ngazi mbili mbili, akaingia gari-waya bila koti. Simu ya mama yake iliita, ikaita, ikakata. Kibanda kilishuka taratibu juu ya mapaa ya mji, na yeye akakilaani kwa sauti mbele ya abiria wengine. Kichwani aliona milango kumi na tisa imefungwa, na nyuma ya kila mlango mtu amelala sakafuni.

Mtaa wa Pareto ulikuwa umejaa watu, na wote walikuwa hai.

Walikuwa wakiingia na kutoka nyumba moja yenye mlango wa bluu. Wanawake wamejifunga khanga kiunoni, wanaume wanapanga viti nje, na ndani kilio kimeanza. Subilaga alipita katikati yao akiwatazama usoni kama mwendawazimu. Huyu alikuwa nukta ya nane. Yule alikuwa nukta ya kumi na tatu. Wote walikuwa wamekufa saa tatu na dakika kumi na mbili, na sasa walikuwa wanabeba viti. Hakuna aliyekuwa na kikuku mkononi.

"Dada Subi," mtu alimwita. Alikuwa Lwitiko, mpishi wa shule ya msingi pale mtaani, jirani yao tangu utoto. Alipomkaribia, uso ulimshuka. "Umeshajua."

"Nimejua nini? Mama yuko wapi? Nani amekufa?"

"Mama yako yupo nyumbani, hawezi kusimama muda mrefu. Aliyefariki ni Mama Gwantwa, mwenye nyumba hii." Alimshika mkono. "Njoo ndani, dada. Uone mwenyewe."

Kwenye chumba cha mbele, juu ya kabati, kulikuwa na ungo. Wanawake waliokuwa wakimwosha marehemu walikuwa wamevitia humo: vikuku-siha kumi na tisa, kila kimoja na kitaa chake cha kijani kinachowaka vizuri kabisa.

Lwitiko alieleza bila kumtazama. Mama Gwantwa alikuwa mtu asiyeugua, anayelala mara tu kichwa kikigusa mto. Alianza kumvalia jirani mmoja kikuku, kama mtu anavyomshikia jirani mtoto. Akaja wa pili, ambaye hakutaka muuguzi-mashine asimame mlangoni kwake mtaa mzima ukamtazama. Lwitiko mwenyewe alikuwa wa tano, maana presha yake ingeonekana angetolewa jikoni siku thelathini na watoto wa shule wakose mtu wa kuwapikia. Akawavalia wote. Mkono wa kushoto ulijaa kutoka kifundo hadi karibu na kiwiko, naye akavaa sweta la mikono mirefu.

"Tangu mwezi uliopita alikuwa analalamika kizunguzungu," alisema Lwitiko. "Anasikia baridi hata juani. Tulimwambia, Mama Gwantwa, wewe tena? Vikuku kumi na tisa vyote kijani, wewe ni mzima kuliko sisi sote." Machozi yalimtoka na hakuyafuta. "Sisi ndio tulimwambia, dada. Asubuhi hii amedondoka akimwaga maji ya kuoshea vyombo."

Simu ya Subilaga ilitetemeka. Alikuwa Profesa.

"Daktari! Wote kumi na tisa wamefariki?"

"Mmoja, Profesa," alisema Subilaga. "Alikuwa mmoja siku zote."

Alikata simu kabla hajasikia Profesa angesema nini.

"Lwitiko, kilichokuwa juu kabisa kilikuwa cha nani? Kile karibu na kiwiko."

"Cha kwanza kuletwa ndicho kilisukumwa juu," alisema Lwitiko, akiangalia chini. "Cha mama yako."

Damu hufika kwenye kiwiko kabla ya kufika kwenye kifundo. Jambo hilo linafundishwa mwaka wa kwanza.

Mama yake alikuwa ameketi kitandani, mito mitatu mgongoni, miguu imevimba hadi ngozi inang'aa. Subilaga alihitaji kutazama mara moja tu. Pumzi fupi, mishipa ya shingo iliyotutumka, mtu asiyeweza tena kulala chali. Moyo uliochoka, si kwa wiki moja wala mwezi mmoja. Furaha ya kumkuta hai ilimjaa, na kabla haijamaliza kumjaa hofu iliipita.

"Kwa nini, mama?"

"Usinigombeze, nimefiwa." Mama alipumua kwanza. "Kikuku kilipogeuka njano ile mara ya pili, ulikuwa chuoni unatetea tasnifu yako. Ukaacha maprofesa wamekaa, ukaja mbio. Wakakusubirisha mwaka mzima. Nikasema mimi siwi mtu wa kumrudisha mwanangu nyuma. Nikampa Mama Gwantwa."

"Ungeniambia kwenye simu."

"Ungeacha kazi tena." Akausogeza mto mmoja. "Huko ukutani kwenu, nilikuwa naonekanaje?"

"Ulikuwa unaonekana mzima kabisa, mama."

"Basi ulikuwa unalala vizuri," alisema mama, na aliridhika kweli. Ndilo lililomuumiza Subilaga kuliko yote.

Kutoka nyumba ya pili kilio kilipanda tena. Alifikiri habari ya Ijumaa, wajumbe wa miji kumi, ungo ule ambao angeubeba mwenyewe hadi mbele yao na kuuweka mezani bila picha wala michoro. Angesema kanuni ilikuwa ya nani. Baada ya hapo wangemfanya watakavyo. Lakini kwanza alihitaji gari la wagonjwa, na Mlezi asingelituma, kwa kuwa mgonjwa huyu alikuwa kijani. Alimtuma Lwitiko akatafute gari la mtu yeyote.

Alikaa ukingoni mwa kitanda na kuushika mkono wa mama, vidole vitatu chini ya kidole gumba, kama wauguzi wa zamani.

"Miezi saba," alisema mama, "na umeingia hata shikamoo hujanipa."

"Nilikuwa nakupa kila asubuhi," alisema Subilaga, akainamisha kichwa, maana sasa alijua alikuwa akimpa nani. Mama Gwantwa hakuwahi kuisikia, wala hakuna aliyeiitikia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Chini ya vidole vyake moyo ulipiga mara mbili, ukaruka, ukapiga mara tatu za haraka, ukasita. Haukuongoza mtu yeyote. Alipoteza hesabu, akaanza tena kutoka moja.