Mfereji wa Muthamia

Kabla watu hawajaanza kumwita mheshimiwa, Muthamia alikuwa mkulima tu, juu kidogo ya Nkubu. Asubuhi alichuma majani ya chai na mkewe Kathure. Mchana alikata ndizi za kupeleka soko la Gakoromone. Mikono yake ilikuwa migumu, lakini mdomo wake ulikuwa mwepesi. Wakulima walimfanya mwenyekiti wa kituo chao cha chai, kwa sababu hakuogopa kubishana na karani wa mizani. Kutoka hapo, siasa haikuwa mbali.

Wakati wa uchaguzi alitoa ahadi moja: maji. Wanawake walikuwa wakiteremka mtoni na kupanda mlima na mitungi mgongoni. Muthamia aliahidi kwamba maji ya chemchemi ya juu yatafika sokoni kwa bomba, yatoke kwenye mfereji wa kufungua kwa mkono. Walimpa kura mpaka mpinzani wake akaenda kupumzika kwa shemeji zake Embu. Na kweli, Muthamia alipoingia bunge la kaunti, mabomba yalilazwa.

Siku ya kufungua mfereji ilikuwa ya kiangazi kikali. Watu walijaa, na mitungi ikapangwa. Muthamia akazungusha mfereji, uso umejaa tabasamu. Mfereji ukakohoa. Ukatema hewa, ukatema tope kidogo, kisha ukanyamaza.

Akauzungusha tena, mpaka mwisho. Hapakutoka hata tone. Watu walipigwa na butwaa, lakini hakuna aliyeshtuka kama yeye.

Nyanya Nelius ndiye aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni. Aliinama akachungulia ndani ya mfereji.

"Mheshimiwa, hii maji iko wapi?"

Nyanya akauchukua mtungi wake, akaupindua juu ya mfereji kama kofia.

"Itakaa hapo mpaka maji ikuje," akasema, akaenda zake.

Muthamia alikuwa na hakika kwamba mpinzani wake amekata bomba. Akapanda mlima akilifuata, pamoja na Jamilah, afisa wa maji kutoka mjini Meru. Bomba lilikuwa zima kutoka mwanzo hadi mwisho. Walipofika kwenye chemchemi, wakakuta tope lililopasukapasuka. Jamilah hakuliangalia sana. Aliinua macho juu.

"Hii miti ni ya nani?"

Mikaratusi mirefu, laini, ilikuwa imeizunguka chemchemi pande zote.

"Ni yangu," Muthamia akasema. "Nilipanda hapa kwa sababu kuna maji. Inakua haraka. Nilitaka kuuzia kiwanda cha chai kuni, msichana wetu Kendi aende chuo."

"Inakua haraka kwa sababu inakunywa sana," Jamilah akamwambia. "Mkaratusi si mbaya ukiwa mahali pake. Lakini mizizi yake inafuata maji. Ukiupanda kwenye chemchemi ama kando ya mto, unaweza kukausha maji. Mlipima haya maji wakati wa mvua. Sasa ni kiangazi, miti imekunywa yote."

Muthamia akaketi chini na suti yake. Mwaka uleule, katika bunge la kaunti, alikuwa ameunga mkono hoja ya kulinda mito. Alikuwa amepiga meza mpaka kiganja kikamuuma. Kumbe aliyekatia watu maji ni yeye mwenyewe.

Nyumbani alimweleza Kathure kila kitu. Kisha akamwambia polepole kwamba huenda ingefaa kusingizia ukame, kwa kuwa watu wangeamini. Kathure akaacha kumenya ndizi.

"Baba Kendi, huu mgongo ndio ulibeba ile miche, na ndio unabeba maji. Uwaambie kesho, ama nitawaambia mimi."

Akawaambia, palepale mbele ya mfereji mkavu. Wengine walicheka na wengine wakamtukana. Yeye alisimama akavumilia yote.

Alipopata kibali cha kukata miti, mikaratusi ikaangushwa. Jamilah aliwaonya kwamba visiki huchipuka tena, kwa hivyo machipukizi yaondolewe kila yanapotokea. Akawaonyesha miti inayofaa karibu na maji: mikuyu, miringa na mianzi. Wakaipanda, wakaweka ua ili ng'ombe wasikanyage, na hakuna aliyelima tena karibu na chemchemi. Muthamia alipanda mikaratusi mingine kwenye kilima kikavu, mbali kabisa na maji. Majirani waliokuwa na mikaratusi kando ya mto wakaanza kuikata, mmoja mmoja, bila kupiga kelele.

Misimu ya mvua ikaja ikapita. Ule mtungi ulibaki juu ya mfereji; Nyanya alisema maji ya mvua hayahesabiki, mpaka yatoke kiangazi. Kila Muthamia alipopita akienda mjini, alipunguza mwendo wa gari akautazama.

Asubuhi moja, kiangazi kimerudi, alipita tena pale. Mtungi haukuwepo. Akasimamisha gari na kushuka mbio, akidhani umeibwa.

Nyanya Nelius alikuwa ameinama, mtungi wake chini ya mfereji. Maji yalikuwa yamefika shingoni mwa mtungi, na bado yalikuwa yakitiririka. Nyuma yake wanawake walikuwa wamepanga foleni. Muthamia akasogea mbele, mkono ameunyoosha aguse yale maji.

Nyanya hakuinua hata kichwa.

"Mheshimiwa," akasema, "panga laini kama wengine."

Muthamia akavua kofia, akaenda nyuma kabisa. Hakuwa na mtungi.