Anayemtafuta Isaku

Jioni ile ya kuaga baridi nilitoka mara moja tu, kwenda kwa jirani yangu Otane kuomba soya za kukaanga. Siku hiyo kila nyumba bondeni kwetu huzirusha kufukuza mashetani, na zangu nilikuwa nimeziunguza kwa umbea.

"Shoga, ukifika funga mlango," Otane alininong'oneza. "Kuna mtu wa upanga anapita nyumba kwa nyumba. Anaongea peke yake... halafu anajibiwa."

Nilicheka. Otane akikosa la kusema, hutunga.

Nilipoingia nyumbani na bakuli la soya, mtu huyo alikuwa amekaa kando ya moto wangu. Kijana mwembamba, kajifunga kitambaa hadi kidevuni. Alinuka nywele zilizoungua.

"Samahani, mama. Namtafuta Isaku."

Isaku ni mume wangu. Alikuwa nyuma ya nyumba, anapasua kuni. Tak... tak...

"Simjui," nikasema.

"Alikuwa askari. Alichoma nyumba yetu, sisi tukiwa ndani. Mkono wake wa kushoto una kovu la moto."

Kovu lile Isaku aliniambia ni la tanuri la mkaa. Miaka yote nimelipaka mafuta na kumwonea huruma!

"Mwanamke huyu mwongo," ilisema sauti nyingine, nzito.

Midomo ya kijana haikutikisika.

Nje, shoka likanyamaza. Kijana akageukia mlango, upanga ukachomoka nusu. Sikungoja. Kurusha soya ni kazi ya baba mwenye nyumba, lakini nilizichota kwa mkono wangu nikamtupia usoni.

"Mashetani nje! Heri ndani!"

Kitu cha baridi kilinipita shavuni, kikapenya ufa wa mlango kwenda nje. Kijana akaanguka. Nilipomgusa, akamomonyoka. Ndani ya nguo zake palikuwa na majivu matupu, ya siku nyingi.

Ndipo akili ikanijia.

Nimesema nje. Na Isaku yuko nje.

"Isaku! Kimbia!"

Mlango ukafunguka. Isaku akaingia taratibu, akanipita kama hanioni. Akainama, akaokota upanga kwenye majivu, akaufuta kwa mkono wa nguo yake. Kisha akanitazama.

"Samahani, mama," alinong'ona. "Namtafuta Isaku."

Theluji imeshayeyuka sasa. Otane ananiuliza mbona mume wangu halali. Nitamwambia nini? Kila jioni ananoa upanga, ananiuliza, nami namjibu kwamba Isaku bado hajarudi. Mkono wake wenye kovu naufunga kitambaa, na ndoo zote za maji nazifunika, asije akauona uso wake akajua kuwa Isaku anayemtafuta ndiye yeye.

Nampenda. Lakini kuna usiku nawawaza wale waliokuwa ndani ya ile nyumba, namtazama alivyokaa, na hasira inanipanda.

Jana ndoo moja ilibaki wazi.

Nilisahau... nadhani nilisahau.