Matofali Matatu Chini ya Pilau

Kila Jumamosi Shamsa hufagia baraza ya uani nyumbani kwa bibi yake, Bi Mwanamkuu, huko Gerezani. Nyumba hiyo ya matofali ya kuchoma ilijengwa pale palipokuwa na shamba la minazi. Mji ulikuja baadaye, ukaizunguka kwa maduka ya spea. Kuta zake ni nene, mtu anaweza kulala dirishani na akajigeuza. Paa la baraza limebebwa na nguzo nne za matofali, nono kama mawifi waliotoka harusini.

Jumamosi hii kulikuwa na hitima ya babu. Bibi alimtuma Shamsa gereji akaombe matofali matatu ya mafiga. Shamsa akaona uvivu kuvuka barabara. Nguzo ya mwisho ilikuwa imemomonyoka chokaa chini. Akachomoa matatu, akayapanga, sufuria la pilau likapanda.

Kisomo kilipoisha, wanawake wakajaa barazani. Bibi akaegemea nguzo ileile, miguu kainyoosha. Vumbi jekundu likamdondokea begani.

Shamsa akaliona. Akisema, atachapwa mbele za watu. Asiposema... Nguzo ikalia, ka!

"Bibi, ondoka hapo!"

"Niende wapi? Mchumba kaja?"

Wanawake wakacheka.

"Bibi, nimechomoa matofali ya nguzo! Ondokeni wote!"

Kicheko kikakatika. Wakakimbilia uani, viatu mkononi. Abdulatif, fundi wa malori wa ile gereji ya ng'ambo, akasikia kelele, akaja mbio na jeki. Akasimamisha mti mnene juu ya jeki, akaanza kupampu polepole, mpaka boriti ya paa ikatulia juu ya mti. Hajafuta jasho, nguzo ikaporomoka palepale alipokaa Bibi.

"Yako wapi hayo matofali?" Abdulatif akauliza.

"Chini ya pilau," Shamsa akajibu, akilia.

Bi Mwanamkuu akatazama sufuria. "Basi subiri liive. Paa limeshikwa, njaa haijashikwa."

Kisha akamvuta mjukuu wake. "Umekosa, na chokaa utachanganya mwenyewe mpaka nguzo isimame. Lakini umesema wakati mgongo wangu ungali mzima. Ungeogopa fimbo ukanyamaza, hitima zingekuwa mbili. Ukikosea, sema upesi, mjukuu wangu. Aibu haimvunji mtu mbavu."

Akapangusa vumbi begani. "Na ukoko leo hupati."